Seva ya Mwalimu na Kuku Aliyeatamia

Kuna watu ukiwakumbuka moyo unalainika. Mwalimu si mmoja wao. Mimi nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni maganda ya alizeti yaliyolowa mate, yamemganda kidevuni, na yeye hana habari, anaeleza kwa utulivu jinsi kompyuta moja inavyoweza kugawanywa ikawa kompyuta nyingi. Nasikia kinyaa hadi leo. Na kinachonikera zaidi ni kwamba karibu kila ninachokijua kuhusu kazi inayonilisha nilikipata kwenye kinywa hichohicho.

Jina lake nitalihifadhi. Pale Ikungi walimu wamejaa, lakini ukisema "Mwalimu" halafu ukanyamaza, watu wanajua unamsema yupi. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia, akabaki na muda mwingi na watu wachache wa kuwagombeza, ndipo akaanzisha darasa nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunipeleka popote, nikawa nauza vocha na kutoa fotokopi kwenye kibanda karibu na soko. Siku moja alikuja kutoa kopi, mashine ikakwama. Nikaifungua, nikachomoa karatasi, nikaifunga. Akaniangalia muda mrefu huku anatafuna.

"Binti, nani kakufundisha kufungua?"

"Hakuna, Mwalimu. Imekwama tu, nikafungua."

"Wenzako wangeipiga makofi. Kesho njoo nyumbani. Uje na mikono misafi."

Mikono misafi! Mtu huyu alikuwa anakula ugali na mlenda, anajifuta kwenye suruali, halafu anakaa kuandika. Kibodi yake ilikuwa na utando wa kijani. Kuna herufi ukiibonyeza inazama, haitaki kurudi juu. Mkewe, Mama Neema, alikuwa anatuletea kitambaa cha kufutia kabla hatujagusa, tena kwa kujificha, kwa sababu Mwalimu akikuona unafuta anauliza kwa sauti, "Unafuta nini? Hicho si chakula?" Alikuwa akipenga kamasi anatumia kona ya pazia la dirisha. Nimeliona pazia hilo likifuliwa mara chache sana, na kila mara aliyelifua alikuwa Mama Neema, amegeuza uso pembeni.

Darasa lenyewe aliliita maabara. Kilikuwa chumba cha stoo, zamani kikihifadhi magunia ya alizeti, kuta za tofali za kuchoma na bati juu bila dari. Vitunguu vilikuwa vimening'inizwa kwenye kenchi, vingine vimeanza kuoza, na maji yake yalidondoka popote yalipotaka. Kuku waliingia na kutoka. Ukikaa kwenye benchi unapapasa kwanza kwa mkono usije ukakalia kinyesi. Nilikuwa narudi nyumbani nanuka kiasi kwamba mama yangu alinivulisha viatu uani.

Lakini katika chumba hicho kulikuwa na kitu ambacho hukukipata kokote Ikungi, na sidhani kama kilikuwapo kwenye shule nyingi za mkoa wetu. Kulikuwa na seva. Aliiunda mwenyewe kwa vitu vya kutupwa. Alizunguka maofisini kuulizia kompyuta zilizokufa, na watu walimpa kwa furaha ili aondoke, maana akisimama mlangoni alikuwa anatema maganda sakafuni. Wakimwambia imekufa, alijibu, "Uliyekufa ni wewe. Hii imelala." Akifika nyumbani anachomoa kumbukumbu kwenye hii, anaipachika kwenye ile, anajaribu, inakataa, anachomoa tena. Hatimaye akapata kompyuta moja ya mezani yenye kumbukumbu ya kutosha kubeba mzigo. Haikuwa na mfuniko, kwa sababu Mama Neema alikwisha kuuchukua akawa anaanikia mlenda. Umeme ukikatika ilishikiliwa na betri ya lori na inveta iliyokuwa inalia muda wote. Programu zote zilikuwa za bure, zile zinazopakuliwa mtandaoni, na alikuwa anazipakua kwa vifurushi vya simu alfajiri kabla hatujaamka kuumaliza mtandao.

Alivyofundisha, hapo simtoi kasoro. Nimekuja kusikia wasomi wakieleza mashine pepe, hizo kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine, kwa maneno yanayokuacha umelala, lakini Mwalimu alituuliza tu nani amepanga nyumba ya vyumba vingi. Tukanyoosha mikono. "Haya. Ukuta ni mmoja, bati ni moja, mita ya umeme ni moja. Lakini kila mpangaji ana mlango wake, anapika chake, ana ugomvi wake na mkewe. Wa chumba hiki hajui wa kile anakula nini. Hii kompyuta ndiyo nyumba. Mashine pepe ndio wapangaji. Na wewe ndiye baba mwenye nyumba, unaamua nani apewe nafasi kiasi gani." Siku hiyohiyo kila mmoja wetu alitengeneza mpangaji wake. Wangu nilimpa jina la bibi yangu.

Hakutaka malipo. Ukimpa kitu anakufukuza. Wakati wa njaa alituambia tule kwake kwanza ndipo tuwashe mashine, na alikuwa anampa kila mtu kipande cha nyama kwa mkono wake, mkono uleule, na ilibidi ule. Kuna mkuu wa shule moja alikuja akitaka seva ihamishiwe ofisini kwake, ionekane wageni wakija. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anajua kuiwasha. Mkuu akasema atatafuta mtu. "Basi mtafute huyo mtu, umlete yeye aje ajifunze," akasema, akamfungulia mlango. Nilimpenda siku ile. Nasema wazi kwamba nilimpenda, na ndiyo maana yaliyofuata yalinichefua kuliko kamasi zote za kwenye pazia.

Mwalimu alipenda maswali, lakini ya aina moja, yale aliyokuwa na majibu yake. Darasa lake lilianza kwa kuamkia. Tunaingia mmoja mmoja, shikamoo Mwalimu, marahaba, anakaa, wa pili anaingia. Haikuguswa swichi mpaka wote tumeamkia. Aliyechelewa akaingia na salamu za vijana alirudishwa mlangoni akaanze upya. Hilo halikunisumbua, tumelelewa hivyo wote. Kilichonisumbua ni kwamba kwake shikamoo haikuishia mlangoni. Ukishampa, ulikuwa umempa na haki ya kutokukosea kwa siku nzima. Ukimwambia namba fulani ameiandika vibaya ubaoni, anakuuliza, "Kati yangu na wewe, nani alitangulia kuona umeme?" Darasa linacheka. Unakaa.

Mwaka huo kiwanda kimoja cha kukamua alizeti kule Singida mjini kilitangaza nafasi ya mtu wa kuangalia kompyuta. Hawakutaka cheti. Walitaka mtu aje na kazi aliyoitengeneza mwenyewe, aiwashe mbele yao, waione. Nafasi kama hiyo kwa msichana wa kuuza vocha haiji kila siku. Nikatengeneza. Kwenye seva ya Mwalimu niliunda mtandao mzima wa ofisi ya kubuni: mashine pepe moja ya mafaili, moja ya barua pepe, moja ya stoo, na nyingine ya kuwaruhusu au kuwazuia watu. Nilikuwa nafunga kibanda mapema, naenda pale, navumilia harufu, najenga. Mwalimu alikuwa anapita nyuma yangu akitafuna, anasoma, anaguna. Kuguna kwake ndiko kulikokuwa sifa.

Tatizo ni nakala za akiba, zile tunazoita bakapu. Mwalimu alituambia tuziweke, na tuliziweka, lakini aliagiza tuziweke kwenye diski ileile iliyobeba mashine zenyewe. Kwa mfano wake mwenyewe, ni kama mtu aliyeogopa nyumba isiungue, akachukua ufunguo wa akiba na hati ya kiwanja akavificha chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo. Diski nyingine ilikuwepo kwenye droo. Alisema anaitunza.

Kila mtu aliliona hilo. Yusufu, mwenzangu aliyekuwa karani wa ofisi moja pale Ikungi, aliniambia tukiwa nje tunavaa viatu, "Huyu mzee atatuliza. Diski ikifa hatuna kitu."

"Mwambie, basi."

"Mimi? Nimwambie Mwalimu? Mwambie wewe, wewe ndiye kipenzi chake."

Nikamwambia. Nilisimama darasani, nikaamkia tena kwa adabu zote, nikasema Mwalimu, naomba zile bakapu tuzihamishie kwenye diski ya kwenye droo, maana hii ikifa tutapoteza vyote. Akanitazama kama nimemvua kofia. Akamgeukia Yusufu. "Na wewe unaonaje?" Yusufu, yule wa nje mlangoni, akasema, "Hapo tuko sawa, Mwalimu." Akawauliza wengine. Tuko sawa, Mwalimu. Sijui nilichukia nini zaidi, swali lake au majibu yao.

"Kaa chini, binti," akasema.

Wakati huo kuku mmoja, wa madoadoa, alikuwa ameona kwamba nyuma ya seva panatoka hewa ya moto. Akaburuta majani na makaratasi, akajitengenezea kiota palepale, akatupa manyoya, akaatamia. Kuku aliyeatamia hasumbuliwi, hilo kwetu hata mtoto analijua. Ukimhamisha anayasusa mayai. Kwa hiyo Mwalimu akatoa amri kwamba seva isisogezwe, isifagiliwe, isipulizwe vumbi, mpaka vifaranga vitoke. Hewa ya moto ikakosa pa kutokea. Feni likawa linavuta manyoya, vumbi na maganda ya alizeti, na mafuta ya maganda yale yakatengeneza uchafu kama uji mzito kwenye mapanga yake. Nilikuwa nikiinama kuchungulia ndani natamani kutapika.

Kisha diski ikaanza kugonga. Ti, ti, ti. Inanyamaza. Ti, ti. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na diski anaijua sauti hiyo, ni sauti ya kitu kinachoaga. Nikasema, "Mwalimu, diski inagonga." Akatega sikio, akafurahi, uso wote ukafunguka.

"Diski gani? Hivyo ni vifaranga vinagonga mayai. Vinataka kutoka!"

Akamwita Mama Neema aje asikilize. Wakainama wote wawili nyuma ya mashine, wameshikana mabega. Darasa zima likaja kusikiliza vifaranga. Yusufu akasema kweli, anasikia hata vinalia. Nilikuwa nimesimama peke yangu pale mbele, naiona taa ya diski ikiwaka na kuzima sambamba na kugonga kule, naona watu wazima wanashangilia kifo cha kazi yangu.

Jioni hiyo nilizima mashine zangu moja baada ya nyingine, kama alivyotufundisha, mpangaji mmoja mmoja, halafu nyumba. Nilipanga kesho yake asubuhi niichukue seva nzima, Mwalimu alikwisha kubali niiazime maadamu vifaranga vitakuwa vimetoka, niende nayo Singida. Asubuhi tulipobonyeza haikuwaka. Feni lilizunguka kidogo, diski ikagonga, ikanyamaza moja kwa moja. Na nyuma yake, Mungu ni shahidi, vifaranga vilikuwa vimetoka. Vyote vizima, vimekauka, vinatembea juu ya kebo.

Mwalimu alivitazama vifaranga, akaitazama seva, akatutazama sisi. Nikamwona anatafuta pa kushika.

"Nani alizima jana?"

Nilisema ni mimi.

"Umeua mashine," akasema. "Umezima vibaya, umeua mashine za watu."

Yusufu alikuwa anaangalia kucha zake.

Nilikwenda kiwandani mikono mitupu. Mama mmoja wa kwenye jopo aliniuliza kazi yangu iko wapi, nikasema diski imekufa, akacheka kwa upole, akasema wote huwa wanasema hivyo. Hata hivyo akampigia simu Mwalimu mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa nimemtaja. Mwalimu alinisifu, nasikia kwa masikio yangu. Alisema nina akili, nina bidii, nina nidhamu. Akamalizia kwamba mimi ndiye niliyemuulia mashine zake. Yule mama akakata simu, akafunga faili langu. Kuanzia hapo Ikungi nzima ikanijua kwa jina hilo. Watu wakileta simu zao kibandani nizitazame, mwingine anatania, "Huyo usimpe, ataiua."

Ningeweza kusema alikuwa haelewi, mzee, fizikia yake ni ya zamani. Lakini Mama Neema alinijia kibandani, akasubiri wateja waishe. Akaniambia, "Mwanangu, anajua. Aliichomoa ile diski, akaitikisa sikioni, akakaa nayo barazani mpaka chai ikapoa. Anajua si wewe." Nikamuuliza kwa nini basi hasemi. Akanishangaa. "Aseme? Mbele ya watoto?"

Miezi ikapita, akaja tena, safari hii ana kuku mkononi, mtetea mzuri wa madoadoa, amefungwa miguu. "Mwalimu kasema ule." Nilimtambua kuku yule ametoka kwenye mayai gani. Kwetu kuku si nyama tu. Mtu mzima akikosa, akashindwa kulitamka, anatuma kuku, ukimpokea yamekwisha, na hakuna anayerudi kuyazungumza. Wangapi wamesamehewa hivyo! Lakini mimi nilichafuliwa mbele ya watu, na yeye anataka kunisafisha jikoni kwangu, mlango umefungwa, kwa mchuzi. Nilimrudisha kuku. Mama Neema alilia njiani, nasikia, na ndugu zangu walinigombeza wiki nzima kwa kumrudishia mtu mzima kuku wake. Sijutii.

Kazi nilikuja kupata, baada ya kuhangaika sana, kwenye zahanati moja ya binafsi Singida mjini. Naangalia seva zao. Ni chumba kisafi, kina kiyoyozi, hairuhusiwi kuingia hata na maji ya kunywa. Siku ya kwanza nilisimama humo nikiinusa tu ile hewa isiyo na harufu.

Mwaka huu Mama Neema akanipigia. Sauti yake imezeeka. Akasema Mwalimu amepata wanafunzi wengine, ameunda seva nyingine, inafanya kelele, hatakuomba mwenyewe, lakini njoo. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa ajili yake yeye mama.

Maabara ni ileile. Vitunguu, bati, pazia. Mwalimu amekonda, shingo imebaki kamba, lakini kidevu kina maganda yake kama kawaida. Kwenye benchi wamekaa vijana wa kike na wa kiume, wote wasafi, wamevaa vizuri kuliko tulivyokuwa tukivaa sisi. Nilimwamkia. Nilichukia kumwamkia, lakini magoti yalikunjika yenyewe.

"Marahaba," akasema. Akawageukia wanafunzi, na sauti yake ilikuwa na upendo, nadhani hilo ndilo lililonitia kichefuchefu. "Mnamwona huyu? Ndiye yule niliyewasimulia. Aliyeniulia mashine." Wakacheka, na yeye akacheka, akanipigapiga begani kwa mkono wenye mate.

Nikainama kwenye seva. Diski ilikuwa inagonga. Nikauliza bila kugeuka, "Mwalimu, bakapu zenu mnaweka wapi?"

"Humohumo," akasema.

Kwenye benchi mtu alivuta pumzi. Alikuwa msichana, kilemba cheusi, anaitwa Salma, anatoka Ihanja. Nilimwona amefungua mdomo akaufunga.

"Ulitaka kusema nini?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Niliwahi kusema, nikaambiwa nikae."

"Salma," Mwalimu akasema, "kaa kimya."

"Simama," nikasema mimi. "Sema tena."

Sijawahi kumkatisha mtu mzima nyumbani kwake. Salma alitutazama wote wawili, mimi na Mwalimu, na wote tulikuwa wakubwa wake. Akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Bakapu zipo kwenye diski ileile. Diski ikifa, zinakufa zote. Hata kama mtu amezima vizuri."

Mwalimu alisubiri wengine waseme wako sawa. Aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyotutazama sisi. Mvulana mmoja akaanza, "Tuko..." halafu akamtazama Salma, hakumalizia.

Nilikuwa na diski kwenye begi. Nikaiunganisha, nikaanza kunakili vyote, na wakati wote huo Mwalimu alikaa kwenye kiti chake hatafuni kitu. Ilipokwisha alinyoosha mkono kuipokea. Sikumpa. Nilimpa Salma, nikamwambia asiiache ndani ya nyumba hii, aende nayo kwao Ihanja aikabidhi kwa mama yake. Mwalimu alirudisha mkono wake taratibu, akaufuta kwenye suruali.

Mama Neema ananiambia Mwalimu bado anasimulia. Kila wakija wageni anawaonyesha seva, anafika pale pa binti aliyemuulia mashine. Mama anasema siku hizi hafiki mwisho, kwa kuwa kila mara kuna mmoja kwenye benchi anayenyoosha mkono, anaamkia kwa adabu zote, halafu anauliza, "Mwalimu, bakapu zilikuwa wapi?"